Kadi Iliyokula Vidole vya Mama Mkwe

Kama ulikosa gazeti la wiki jana, nikupe kwa ufupi, ingawa aibu yenyewe si fupi.

Kazi yangu ni kupiga na kuhariri video. Mama mkwe wangu ni mkunga mstaafu. Mikono yake imepokea nusu ya watoto wa mtaa huu, na wengine wao sasa wana ndevu. Mimi na yeye tulirekodi masomo ishirini na nne ya ukunga, yeye akionyesha kwa mwanasesere na mimi nikiwa nyuma ya kamera. Masomo hayo yataonyeshwa kwa wakunga wa zahanati za mbali, kwenye mafunzo yanayoanza Jumanne.

Yeye mwenyewe hatakuwepo. Jumatatu anaingia hospitali kupasuliwa koo. Kinundu kidogo, tuliambiwa. Wiki mbili za kunyamaza, kisha atarudi kutugombeza kama kawaida.

Sasa, laptop yangu ilikuwa inachukua saa tatu kupika somo moja. Kupika ndivyo tunavyoita sisi wa kazi hii. Ukishamaliza kukata na kuunga, unaiamuru kompyuta itoe video moja iliyokamilika, halafu unakaa pembeni unaisikiliza inavyohema. Masomo sita yalikuwa yametoka. Kumi na nane yalikuwa bado.

Nikamwambia Mama asiwe na wasiwasi. Nikamwambia kuna sanduku lenye kadi ya grafiksi, linachomekwa nje ya laptop kwa waya, na likichomekwa saa tatu zinakuwa dakika ishirini. Nilisema hivyo mbele ya mke wangu na mbele ya shemeji yangu, kwa sauti ya mtu aliyewahi kuliona. Sikuwa nimewahi.

Sanduku nililipata. Nilibadilishana na jirani aliyefunga ukumbi wake wa michezo ya kompyuta: yeye akachukua jenereta yetu ya nyumbani, mimi nikachukua sanduku. Mke wangu aliponikuta nalo mlangoni na kuuliza limetoka wapi, nikasema nimeazimwa.

Hapo ndipo tulipoachana. Tuendelee, ingawa moyo hautaki.

Jumatano asubuhi nikaliweka sanduku mezani, nikachomeka waya wa umeme, nikachomeka na waya wa laptop. Feni yake ikaanza kuzunguka. Taa ya bluu ikawaka. Nikakunja mikono kifuani kama mtu anayepigwa picha.

Laptop haikuona kitu.

Nikachomoa, nikachomeka. Nikazima, nikawasha. Nikageuza waya juu chini. Nikaupuliza. Kufika saa nne nilikuwa nimefanya yote ambayo mtu hufanya anapokuwa hajui anachofanya.

Ikabidi nimpigie shemeji.

Huyu ni kaka mkubwa wa mke wangu, fundi wa kompyuta, ana kibanda chake nyuma ya duka la vitabu. Watu wote wanamwita Pima, maana kila ukimweleza tatizo jibu lake la kwanza ni hilo. Nilipotangaza habari za sanduku, yeye ndiye aliyeniambia, "Pima kwanza kabla hujalichukua. Njoo nalo kibandani na laptop yako." Nikamjibu kwamba mimi si mtoto. Sasa nilikuwa namwita kwa sauti ya mtoto.

Alikuja na miwani yake kwenye paji la uso. Akaiinua laptop yangu, akaiangalia ubavuni, akaiweka chini.

"Haitaliona."

"Kwa nini? Waya umeingia vizuri kabisa. Tundu ndilo lile lile."

"Umbo ndilo lile lile," alisema. "Wewe una mapacha nyumbani, shemeji. Sura moja, tabia mbili. Tundu linalokubali sanduku kama hili huwa na kialama cha radi pembeni. Hili lako halina. Hili ni la kuchajia na kupitisha mafaili, basi."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo unalo sanduku zuri la kupoza chumba."

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha kufutia vyombo begani. Wiki hii alikuwa amechukua likizo ili amhudumie mama yake. Anafanya kazi ofisi ya maji, upande wa kupokea malalamiko, kwa hiyo amezoea kusikiliza wanaume wakijieleza. Alituangalia, akaondoka, akarudi na laptop ya kazini kwake, nyembamba, mpya.

"Hii ina kialama chenu hicho?"

Ilikuwa nacho. Kiradi kidogo, kando ya tundu.

"Basi tumia. Lakini usiniharibie. Nikirudi kazini wanaihesabu kama nguo za jeshi."

Nikataka kumkumbatia, lakini kaka yake alikuwepo.

Tukahamishia programu na kazi yote huko. Nikachomeka. Safari hii laptop ikaliona sanduku, jina la kadi likajitokeza kwenye kioo. Pima akapigiwa simu na mteja, akaondoka. Nikafungua somo la saba, nikabonyeza kitufe cha kupika, nikaenda kumwambia Mama mambo tayari.

Alikuwa amekaa kitandani na daftari lake, anasahihisha majina ya vifaa. Sauti yake siku hizi ilikuwa imekwama kama mlango uliovimba kwa mvua, inabidi aisukume.

"Shikamoo Mama. Mambo yamekubali. Keshokutwa unayaona yote."

"Marahaba baba. Yote ishirini na nne?"

"Yote."

"Somo la tisa ulitazame mara mbili," alisema. "Lile la bega la mtoto lililokwama. Pale vidole vinasema kuliko mdomo."

Nikasema sawa. Nikarudi chumbani kwangu kuitazama ile miujiza.

Muda uliobaki: saa mbili na dakika arobaini na tano.

Nikadhani nimesoma vibaya. Nikasubiri robo saa. Ikabaki saa mbili na nusu. Mstari ulikuwa unajikokota vile vile kama jana, kama juzi, kama siku zote. Sanduku lilikuwa linawaka taa yake ya bluu kando yangu, limetulia, kama mgeni anayesubiri chai huku wenyeji wanachota maji.

Jenereta yangu. Nilitoa jenereta yangu.

Nilikaa nayo mpaka mwisho kwa ukaidi tu. Saa mbili na dakika hamsini. Nilikuwa nimepunguza dakika kumi, na hizo sidhani kama zilitoka kwenye sanduku. Zilitoka kwenye upya wa laptop.

Alasiri nikabeba laptop na sanduku mpaka kibandani kwa Pima. Nikavitua mezani kwake bila salamu.

"Shemeji, nimetapeliwa. Kadi ni mbovu."

"Umepima?"

Nilikaribia kumjibu vibaya. Akavuta kiti, akaniambia nipike tena kipande kidogo, dakika mbili tu. Huku kikipika, akafungua ukurasa unaoonyesha kila kifaa ndani ya kompyuta kinafanya kazi kwa asilimia ngapi, kuanzia prosesa, ule ubongo wake, hadi kadi.

"Soma," alisema.

"Prosesa, asilimia mia. Kadi..." Nikakodoa macho. "Asilimia mbili."

"Kadi si mbovu. Kadi imelala. Nani amekwambia ukileta mpishi mpya jikoni ataanza kupika mwenyewe? Umemwambia?"

Akaingia kwenye mipangilio ya programu, sehemu ambayo mimi kwa miaka saba nilikuwa naipita nikibonyeza sawa, sawa, sawa. Palikuwa na swali kwamba video ipikwe na nani, prosesa au kadi. Swali lenyewe lilikuwa limeshajazwa jibu la zamani: prosesa. Akabadilisha.

Tukapika somo la nane. Dakika thelathini na nne.

Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena.

"Unaona," nilimwambia. "Nilisema."

"Ulisema ishirini," alijibu. Akaangalia kioo kwa muda, somo likiwa linacheza. "Na nikwambie jambo. Kadi ina haraka, lakini ina uvivu wake. Ukiinyima data, ukisema faili liwe dogo sana, itakuvurugia picha iwe matope mapema kuliko prosesa. Acha ubora hapa nilipouweka. Na la kwanza likitoka, litazame mpaka mwisho ndipo uendelee."

"Sawa shemeji."

"Usiseme sawa. Fanya."

Nikasema sawa.

Alhamisi asubuhi nikaanza somo la tisa nikiimba. Lilikuwa limefika asilimia sitini umeme ulipokatika.

Laptop ina betri, ikaendelea kuwaka. Sanduku halina. Taa ya bluu ikazima, programu ikaganda, kisha ikajifunga yenyewe bila kuaga. Somo la tisa, kwaheri, mwanzo tena.

Nikakaa gizani mwa chumba kile chenye mapazia, nikasikia nyayo za mke wangu.

"Baba Pacha, washa jenereta basi. Mama anataka kupashiwa maji."

Nikaanza kuukunja waya wa sanduku.

"Umenisikia? Au mafuta hakuna?"

"Jenereta haipo."

"Haipo imeenda wapi?"

Kuna uongo mwingi ungeweza kupita hapo. Fundi ameichukua. Imeibwa. Ulimi ulishaanza kuuchagua. Lakini sanduku lilikuwa katikati yetu, limekaa mezani bila kazi, na mke wangu akaliangalia, akaniangalia mimi, na mtu anayepokea malalamiko kwa miaka kumi na moja hahitaji kuambiwa mara mbili.

"Ulisema umeazimwa."

"Nilibadilishana."

"Jenereta ya nyumba. Na mgonjwa ndani."

"Nilitaka kazi ya mama iishe."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Hakupandisha sauti, mgonjwa alikuwa chumba cha pili. Mtu akikugombeza kwa kunong'ona, maneno hayapotei hata moja.

"Sikiliza. Jenereta ni chuma, nitaisahau. Lakini mimi na wewe tunaingia kwenye wiki ya kumpeleka mama yangu kwenye kisu. Wiki hii nataka kujua ninasimama juu ya nini. Usinifiche kitu tena. Kikubwa, kidogo, kibaya. Uniambie wewe, nisikione kwa umeme kukatika."

"Sitakuficha."

"Sema tena."

"Sitakuficha kitu, Mama Pacha."

Akainuka akaenda kuwasha jiko la mkaa nje, kupasha maji ya mama yake. Nilimsikia akikohoa moshi. Kila kikohozi nilijua ni changu.

Umeme ulirudi Ijumaa saa nne asubuhi.

Hapa ndipo pa kuungama, na naomba msomaji usigeuze ukurasa.

Masomo kumi na sita yalikuwa yamebaki, ya tisa mpaka ishirini na nne. Kwa dakika thelathini na nne kila moja, muda ulitosha. Kilichonikwamisha ni nafasi. Diski yangu ya nje ilikuwa imejaa hadi shingoni, na laptop ya ofisi haikuwa na pa kuweka hata picha ya harusi.

Pima ana diski kibandani kwake, tena zimepangwa kama sabuni dukani. Simu moja tu. Lakini nilishampigia mara ya kwanza akaniambia habari za tundu, nikamwendea mara ya pili akaniambia habari za mpishi. Mara ya tatu sikutaka. Niliona nimeshaelewa.

Kwenye mipangilio kulikuwa na kijiti cha ubora, cha kuteleza: Juu, Kati, Chini. Pima alikiacha Juu. Mimi nikakitelezesha hadi Chini.

Mafaili yakawa madogo. Dakika zikashuka hadi ishirini na sita. Nikajiona nimemzidi fundi.

Bado nafasi haikutosha, maana programu inapopika inahitaji mahali pa kunyoosha miguu. Basi kila somo lilipotoka, nilifuta picha zake mbichi, zile zilizotoka kwenye kamera. Nilizifuta moja kwa moja, bila kuzipitisha kwenye kapu la taka la kompyuta. Kadi za kamera nilishazifuta zamani kwa kazi nyingine.

Sikutazama hata somo moja mpaka mwisho. Nilitazama sekunde kumi za mwanzo, pale Mama anaposema "Karibuni", amekaa hatikisiki, uso wake safi kabisa. Nikaona safi. Linalofuata.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa na masomo yote. Nikamwambia mke wangu. Akasema asante, kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Nikalala kama mtu mwema.

Jumamosi asubuhi tukampangia Mama mito mgongoni, tukaweka laptop kwenye stuli mbele yake. Mke wangu akakaa kitandani miguuni pake. Mimi nikasimama pembeni kama mpishi anayesubiri kusifiwa.

"Nianzie la kwanza, Mama?"

"La tisa," alisema.

Uso wake ukatokea, ukakaribisha, ukaeleza. Sauti yake ya miezi miwili iliyopita ikajaa chumbani, nzito, ya kuamrisha, na nilimwona mke wangu akiinamisha kichwa kuisikiliza. Kisha mikono ikaingia, ikamshika mwanasesere, ikaanza kazi.

Mama akasogea mbele.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Rudisha tena. Taratibu."

Mikono ilipotulia, ilikuwa mikono. Ilipoanza kusogea, vidole viliungana, vikawa kitu kimoja cha rangi ya ngozi chenye vijumba vijumba vya mraba, mfano wa unga uliokandwa haraka. Huoni kipi kimeingia wapi. Unaona kiganja kinaelekea kwenye bega, halafu unaona ukungu, halafu mtoto ameshatoka.

"Vidole vyangu viko wapi?" Mama aliuliza.

"Ni kioo cha laptop hii, Mama. Hakionyeshi vizuri."

Ulimi wangu, jamani. Ulikuwa haujamaliza hata siku mbili.

Mke wangu akainuka. Alichukua waya, akaiunganisha laptop na televisheni ya sebuleni, akaturuhusu tuone vizuri zaidi. Kwenye televisheni vijumba vilikuwa vikubwa kama kete za dhumna.

Tukafungua la kumi. La kumi na mbili, la kufunga kitovu: uzi ulikuwa unapotea kila mkono unaposogea. La kumi na nane. Ishirini na moja. Palipo na uso, safi. Palipo na mikono, matope. Na masomo yenyewe, kama mnavyojua, ni ya mikono.

"Mkunga akitazama hivi," Mama alisema kwa shida, "ataweka kidole pale anapodhani. Unajua kudhani kunaua wangapi?"

Nikasema narudi sasa hivi. Nikabeba diski, nikakimbia.

Pima alikuwa amefungua kibanda nusu. Nikamweleza kila kitu nikiwa nimesimama, kijiti, Chini, kufuta, bila kupaka sukari. Hakuniuliza kama nilipima. Hilo ndilo lililonitisha.

"Hii ambayo imeharibika haiwezi kunolewa?" niliuliza. "Si kuna programu?"

"Kuna za kupaka poda. Kidole ambacho hakimo hazitakirudisha. Zitakichora kingine kwa kubahatisha. Unataka mkunga afuate kidole cha kubahatisha?"

Akachomeka diski kwenye kompyuta yake, akaanzisha programu ya kutafuta vilivyofutwa. Tukakaa. Mteja alikuja na simu iliyoanguka kwenye maji, Pima akamwambia arudi kesho. Alipita mtu wa kuuza soksi. Saa moja na nusu tulitazama mstari ukisogea, na sikuwahi kuuombea mstari wowote wa kompyuta kama nilivyouombea ule.

"Matano," alisema hatimaye. "La ishirini mpaka la ishirini na nne. Hayo uliyafuta mwisho, hukuandika kitu juu yake. Hayo tutayapika upya vizuri, leo hii."

"Na mengine?"

"Kila ulipofuta moja ukaandika linalofuata juu yake. Kumi na moja yamekwenda."

"La tisa?"

"La tisa ndilo lililokandamizwa zaidi ya yote."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati. Alikuwa mtoto wa mama huyo, mimi mkwe tu. Nilisubiri anitukane. Ana haki.

"Nenda ukawaambie," alisema. "Mimi nabaki nayapika haya matano. Ukiwaambia wewe, ni kosa. Nikiwaambia mimi, ni jambo jingine."

Njia ya kurudi nyumbani ni dakika kumi. Nilitumia nusu saa. Nilisimama kwenye duka la viatu nikatazama viatu vya watoto ambavyo sikuvihitaji. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwangu walikuwa wamekaa chumbani wananisubiri.

Niliwaambia wote wawili pamoja. Nilianza na kijiti nikamaliza na namba: kumi na moja. Niliongeza kwamba si kioo, nilidanganya. Na kwamba Pima alinionya mara mbili.

Mke wangu alitazama ukuta muda wote. Nilipomaliza akauliza swali moja tu.

"Kuna kingine?"

"Hakuna. Hicho ndicho chote."

"Basi."

Nikageuka kwa Mama, nikapiga goti kando ya kitanda chake. "Mama, nisamehe. Mafunzo nitayapelekea masomo kumi na tatu mazuri. Haya kumi na moja, wewe ukipona tu, baada ya hizo wiki mbili, tutayarudia yote. Neno kwa neno. Nitakaa nyuma ya kamera hata mwezi."

Nilidhani hapo ndipo atakaponigombeza. Nilikuwa nimejiandaa. Lakini alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa, kama mtu anayempima mgonjwa aliyekuja na kikohozi na yeye ameona kingine.

"Binti yangu," alimwambia mke wangu. "Nipashie maji ya kunywa. Yawe moto kweli, si ya vuguvugu."

Mke wangu akatoka. Mama akasubiri mpaka tukasikia sufuria.

"Sogea."

Nikasogea. Sauti ilikuwa pumzi tu sasa.

"Hakuna wiki mbili."

"Mama?"

"Si kinundu, ni saratani. Daktari aliniambia tangu kabla hatujaanza kurekodi. Jumatatu wanatoa koo lote la sauti. Nitapumua kwa tundu hapa." Akagusa chini ya shingo. "Nikitoka huko nitakuwa mzima, Mungu akipenda. Lakini kusema, basi tena. Hutanisikia tena wewe, wala wale mapacha."

Nilifikiria kapu la taka ambalo sikulipitia.

"Ndiyo maana niliharakisha yale masomo," alisema. "Mlidhani ni kwa ajili ya mafunzo."

"Mama Pacha anajua?"

"Hajui. Kaka yake hajui. Wakijua, watakuja na daktari mwingine, na wa tatu, na waganga, na maombi, na Jumatatu itapita. Nimeona wagonjwa wangapi wakiuawa na Jumatatu waliyoiacha ipite." Akapumzika. "Kwa hiyo sikiliza. Kesho Jumapili. Daktari amenikataza kusema, nitasema. Mengine yaache. Utanirekodi somo la tisa tu, na utaiweka hiyo kadi yako pale alipoiweka Pima. Na hili nililokwambia litabaki hapa mpaka nikiwa mezani kwa daktari."

"Mama, nilimwahidi juzi tu kwamba..."

"Najua ulichomwahidi. Ukuta huu ni mwembamba." Akakamata kiganja changu, na vidole vile nilivyovifuta vilikuwa na nguvu ambayo sikuitegemea. "Wewe ndiye uliyenipotezea kumi na moja. Nikikudai hili moja, utakataa?"

Mlango ukafunguka. Mke wangu aliingia na kikombe kinachotoa mvuke, akanikuta nimepiga goti, mkono wangu ukiwa umeshikwa, uso wangu ukiwa vile ulivyokuwa.

Akaweka kikombe polepole.

"Amekwambia nini?"

"Tunapanga kurekodi kesho," Mama alisema kutoka kwenye mito.

Mke wangu hakugeuka kumtazama. Macho yake yalibaki kwangu.

"Sijakuuliza wewe, mama. Nimemuuliza mume wangu."